UZI: Kusema "nasikia baridi" kwa Kiojibwe: giikaji, gisinaa na pale kamusi inapokuponza

#1 MzeeWaNgeli

Wakuu, uzi huu ni wa wanaojifunza Kiojibwe, ambacho wenyewe hukiita Anishinaabemowin au Ojibwemowin, lugha ya maeneo ya Maziwa Makuu ya Marekani Kaskazini: Minnesota, Wisconsin, Michigan, Ontario, Manitoba. Nimeanza na baridi kwa sababu huko ndilo neno la kazi. Tower, Minnesota, tarehe 2 Februari 1996 kipimajoto kilishuka hadi -51 °C. Hapo kipupwe chetu cha Juni ni mchezo wa watoto.

Kosa la kwanza la mwanafunzi ni lilelile kila mwaka. Anafungua kamusi, anatafuta "baridi", anatafuta "kusikia", anaunga. Haviungani. Kwetu baridi ni jina: unaisikia, unaiona, inakupiga, ipo au haipo. Kiojibwe katika sentensi ya kawaida hakitumii jina, kinatumia kitenzi. Na kabla hujachagua kitenzi unapaswa kujibu swali moja: nani au nini chenye baridi?

Kiumbe anayeisikia mwilini: giikaji.
Hali ya hewa: gisinaa.
Kitu cha majimaji, kama maji au chai iliyopoa: dakaagamin.
Upepo: dakaanimad.

Kwa hiyo "nasikia baridi" ni neno moja tu: ningiikaj. Na "nje kuna baridi" ni gisinaa agwajiing, agwajiing ikiwa "nje". Ukisema *ningisinaa* ukidhani umesema unasikia baridi, umejifanya hali ya hewa. Gisinaa haipokei kiambishi cha mtu hata siku moja.

Tahajia ninayotumia ni ya irabu maradufu, inayotumika zaidi Minnesota na Wisconsin: aa, ii, oo ni ndefu, a, i, o ni fupi, e ni ndefu siku zote ingawa huandikwa moja. Maswali karibuni.

#2 Kasuku_Mweusi

Shukrani mkuu. Sasa mbona giikaji imeishia na i lakini ningiikaj imekatika? Hiyo i imeliwa na nani?

#3 MzeeWaNgeli

Swali zuri. Kitenzi cha kiumbe kinachoishia kwa irabu fupi (i au o) huidondosha irabu hiyo kwa "mimi" na "wewe" umoja. Kwingine kote inarudi. Tazama safu nzima:

ningiikaj, nasikia baridi
gigiikaj, unasikia baridi
giikaji, anasikia baridi
ningiikajimin, tunasikia baridi (wewe ninayekuambia haumo)
gigiikajimin, tunasikia baridi (nawe umo)
gigiikajim, mnasikia baridi
giikajiwag, wanasikia baridi

Angalia nafsi ya tatu: haina kiambishi cha mbele. Mzizi mtupu ndio "anasikia baridi". Ndiyo maana kamusi za Kiojibwe huweka vitenzi kwa sura hiyo. Ukitafuta chini ya N hutakipata.

Kiambishi cha "mimi" hubadilika kwa herufi inayofuata. Mbele ya d, g, j, z, zh ni nin-. Mbele ya b ni nim-. Mbele ya irabu ni nind-. Mbele ya nyingine ni ni-. Giikaji inaanza na g, ndiyo maana ni nin-. Cha "wewe" ni gi- mbele ya konsonanti zote, gid- mbele ya irabu.

Na msije mkajenga nadharia kwa sababu ni- ya Kiojibwe ni "mimi" na ni- ya Kiswahili ni "mimi". Ni sadfa. Ila inasaidia kukumbuka, hilo silikatai.

#4 BintiSheria

Naomba nisisitize hizo "tunasikia baridi" mbili, maana Mswahili huzipita kama hajaziona. Sisi tuna tu- moja inayobeba kila mtu. Kule, ukiwa umesimama na mwenyeji mlangoni mnatetemeka wote wawili, ni gigiikajimin. Ukimpigia simu aliye nyumbani kwake karibu na jiko ukamwambia "tunasikia baridi huku", ni ningiikajimin, kwa sababu yeye hayumo. Ukikosea hapo sarufi haitakulaumu, ila utakuwa umemwingiza kwenye baridi asiyokuwa nayo, au umemtoa kwenye ile inayomtesa.

Njia ya kukumbuka: gi- ni ya "wewe". "Sisi" inayoanza na gi- ina wewe ndani yake.

#5 Ndege_Mkia

Matamshi. Wengi hapa watasoma ningiikaj kama Kiingereza. Achaneni na hilo, Kiswahili kinawafaa zaidi.

ng ya ningiikaj ni ng ya *ngoma*, si ya *ng'ombe*. g inasikika.
ii vuteni. Urefu wa irabu kwenye lugha hii unabadilisha maana, si pambo.
k ya katikati ni nzito, inashikwa kidogo kabla ya kuachiwa, na hailegei kuwa g. Jozi b/p, d/t, g/k, j/ch, z/s, zh/sh zinatofautiana kwa uzito: ya kwanza laini, ya pili kali na ndefu zaidi.
j ya mwisho wa neno huelekea ch. Masikio yenu yatasikia "ningiikach", wala msiandike hivyo.

Minnesota wengi hudondosha n ya mwanzo wakiongea, kwa hiyo mtasikia ingiikaj. Neno ni lilelile.

#6 Kasuku_Mweusi

Nimekutana na *ngiikaj* na *giikji* kwenye maandishi ya Ontario. Ni makosa ya uchapaji?

#7 Ndege_Mkia

Siyo makosa, ni lahaja ya mashariki na ya Waodawa (ndugu wa Waojibwe). Huko irabu fupi zilizo mahali dhaifu hufutwa. Hesabu silabi kutoka mwanzo: irabu fupi ya kwanza ni dhaifu, ya pili ni imara, ya tatu dhaifu, na kuendelea. Irabu ndefu ni imara daima na hesabu huanza upya baada yake. Silabi ya mwisho nayo ni imara daima.

Chukua giikaji: gii ni ndefu, inabaki. ka inaanza hesabu mpya, ni dhaifu, a inafutwa. ji ni ya mwisho, inabaki. Matokeo ni giikji. Sasa chukua ningiikaj: "ni" ni fupi ya kwanza, i inafutwa. gii inabaki. kaj ni silabi ya mwisho, a inabaki. Matokeo ni ngiikaj. Ndiyo maana a ipo kwenye moja na haipo kwenye nyingine. Ukijua kanuni hii unaweza kusoma maandishi ya mashariki bila kununua kamusi ya pili.

#8 MzeeWaNgeli

Asante Ndege. Nami nimekuwa nikiona watu wakichanganya lahaja ndani ya sentensi moja, *ngiikaj* hapa, *gaawiin giikajisii* pale. Chagueni moja. Uzi huu unabaki Minnesota.

Tuje kwenye nyakati, maana hapa kuna mtego. Wakati uliopita ni gii-, na mzizi wenyewe unaanza na *gii*. Basi mtu akiona *giikaji* anasema "aha, gii- ni ya jana, kwa hiyo kitenzi ni kaji". Hapana. gii ya giikaji ni sehemu ya mzizi. Ya wakati huandikwa na kistari:

ningii-giikaj, nilisikia baridi
gigii-giikaj, ulisikia baridi
gii-giikaji, alisikia baridi

Wakati ujao: ninga-giikaj, giga-giikaj, lakini nafsi ya tatu ni da-giikaji. Hiyo ga- kugeuka da- pale kiambishi cha mtu kinapokosekana ni ya kukariri tu.

Kiambishi cha mtu hukaa mbele kabisa, kabla ya wakati na kabla ya chochote kingine. "Nasikia baridi sana" unaweza kusema aapiji ningiikaj, aapiji ikiwa neno huru, au ningichi-giikaj, ambapo gichi- imeingia katikati na nin- ikaruka mbele yake. "Naanza kusikia baridi" ni nindani-giikaj. ani- inaanza na irabu, kwa hiyo nind-.

#9 MpitaNjia

Kukanusha je? Mwenyeji akiniuliza kama nasikia baridi na mimi nataka kujikaza kiume.

#10 BintiSheria

Haha, jikaze tu. Swali litakuwa Gigiikaj ina? Kiulizi ina hukaa nafasi ya pili. Baada ya neno linaloishia kwa irabu, ina hugeuka kuwa "na": Giikaji na? "Je, anasikia baridi?"

Jibu la kujikaza: Gaawiin ningiikajisii. Vitu viwili vinakwenda pamoja: gaawiin mbele na -sii nyuma ya kitenzi. Wengi husema gaawiin halafu wakaacha kitenzi kikavu, *gaawiin ningiikaj*. Hiyo ni kama kusema "hapana nasikia baridi". Angalia pia kwamba ile i iliyodondoka imerudi, kwa sababu sasa haiko mwisho.

Hewa ina kikanushi chake: gaawiin gisinaasinoon, "hakuna baridi". -sinoon ni ya vitenzi vya visivyo hai. Ukiipachika kwenye giikaji umemfanya mtu kitu.

#11 Kasuku_Mweusi

Na "nikisikia baridi"? Nimejaribu giishpin ningiikaj, nikaambiwa siyo.

#12 MzeeWaNgeli

Walikuambia kweli, siyo. Ukitanguliza "ikiwa", "wakati" na nduguze, kitenzi kinahamia mfumo mwingine kabisa: viambishi vya mbele vinaondoka, nafsi inaonyeshwa mwishoni.

giishpin giikajiyaan, nikisikia baridi
giishpin giikajiyan, ukisikia baridi
giishpin giikajid, akisikia baridi
giishpin giikajiyaang, tukisikia (wewe haumo)
giishpin giikajiyang, tukisikia (nawe umo)
giishpin giikajiyeg, mkisikia
giishpin giikajiwaad, wakisikia

Tazameni mistari miwili ya kwanza. Tofauti ya "mimi" na "wewe" ni urefu wa a peke yake. -yaan ni mimi, -yan ni wewe. Ndio maana Ndege alisema urefu si pambo. Ukimwambia muuguzi *giikajiyan* ukidhani umesema "nikisikia baridi", ataelewa unamzungumzia yeye. Na ileile inajirudia kwa "sisi": -yaang inamtenga msikilizaji, -yang inamjumuisha.

Hewa hupata -g: giishpin gisinaag, "kukiwa na baridi".

#13 Mvuvi_wa_Maneno

Niongeze upande wa ujenzi wa neno, maana ukiujua unapata maneno mengine karibu bure. giikaji ina kipande -aji mwishoni. Hicho hubeba maana ya "kwa baridi" kwa kiumbe. Mwenzake wa visivyo hai ni -adin. Sasa angalia:

mashkawaji, ameganda (hai). mashkawadin, kimeganda (si hai). mashkaw- ni ugumu, uimara.
gashkadin, maji yameganda juu, ziwa limefunga. Novemba huitwa Gashkadino-giizis, mwezi wa maji kuganda.
niningaji, anatetemeka kwa baridi.
gawaji, amekufa kwa baridi.

Hilo la mwisho kuweni nalo waangalifu. Sisi tukizidiwa tunasema "nakufa na baridi" na hakuna anayeita gari la wagonjwa. gawaji si ya kutia chumvi, ni kifo chenyewe. Ukitaka kutia chumvi tumia ningichi-giikaj inakutosha.

#14 BintiSheria

Kuhusu hai na si hai, wanaotoka kwenye ngeli msidhani mmeshafika. Ugawaji wao haufuati pumzi. Theluji (goon) na barafu (mikwam) ni "hai" kisarufi. Glavu za baridi (minjikaawan) nazo ni hai, ilhali koti (babiinzikawaagan) si hai. Kwa hiyo "vaa" inabadilika:

Biizikan gibabiinzikawaagan. Vaa koti lako.
Biizikaw giminjikaawanag. Vaa glavu zako.

-n kwa koti, -w kwa glavu. Ni kama sisi tunavyosema *kiti kile* lakini *kipofu yule*: umbo la neno na upatanisho wake havitaki kukubaliana, na mzawa haoni ajabu yoyote.

Onyo kwa mtoto asiyetaka koti: Giga-giikaj giishpin biizikanziwan gibabiinzikawaagan. "Utasikia baridi usipovaa koti lako." -nzi- ndani ya biizikanziwan ndiyo kukanusha, -wan ni "wewe".

#15 MpitaNjia

Mbona mmeacha viungo? Kwetu mtu anasema "miguu yangu baridi", "mikono imekufa ganzi". Nao husema giikaji kwa mguu?

#16 MzeeWaNgeli

Hapana, kiungo huingizwa ndani ya kitenzi. Mzizi wa ubaridi wa kuguswa ni dak-, uleule wa dakaagamin. -zide ni mguu, -ninjii ni mkono kuanzia kiganja.

nindakizide, miguu yangu ina baridi
nindakininjii, mikono yangu ina baridi

Irabu za mwisho hapa ni ndefu, kwa hiyo hazidondoki (e ni ndefu daima, mnakumbuka). Na mwenye baridi kisarufi bado ni *mimi*, siyo miguu.

Kosa jingine la viungo na afya: mafua. Kiingereza kina neno moja la baridi na mafua, na waliojifunza Kiojibwe kupitia Kiingereza huibeba hiyo kasoro. Sisi hatuna sababu ya kukosea, tunazitenganisha tayari. Mafua ni agigokaa, "ana mafua", na kwa mimi ni nindagigokaa. Ndani yake mna agig, yaani kamasi. Hapo hata maelezo hayahitajiki.

#17 Kasuku_Mweusi

Na nikitaka kusema "binti yake anasikia baridi"? Nimeandika *odaanisan giikaji* nikasahihishwa.

#18 Mvuvi_wa_Maneno

Sahihi ni odaanisan giikajiwan. Binti *yangu* ni nindaanis, na hapo giikaji inatosha: nindaanis giikaji. Lakini binti *yake* ana watu wawili wa nafsi ya tatu ndani ya neno moja, mzazi na mtoto. Kiojibwe hakikubali wawe sawa. Mmoja anasogezwa nyuma ya mwingine, na anayesogezwa anapata -an kwenye jina na -wan kwenye kitenzi. Faida yake utaiona kwenye masimulizi. Kwetu ukisema "alimwona akitetemeka", msikilizaji lazima aulize nani alikuwa akitetemeka. Kwao sarufi imeshajibu.

#19 Jongoo_wa_Maktaba

Naingia kwa mlango wa pembeni. Nasoma habari za Kiyurok, cha mto Klamath kaskazini mwa California, na nimeona kinatajwa kuwa jamaa ya Kiojibwe. Kweli au porojo? Kutoka pwani ile hadi Minnesota ni mbali kweli.

#20 Mvuvi_wa_Maneno

Ni kweli, ila ni ujamaa wa mbali. Edward Sapir alitoa hoja mwaka 1913 kwamba Kiyurok na jirani yake Kiwiyot vina asili moja na lugha za Kialgonkini, ambamo Kiojibwe kimo. Truman Michelson alimpinga, na mabishano yakaendelea miaka mingi hadi Mary Haas alipotoa ushahidi mwaka 1958 uliowaridhisha wataalamu. Familia nzima inaitwa Kialgiki.

Moja ya alama zilizosaidia ni viambishi vya umiliki. Kiyurok kina 'ne- "yangu", k'e- "yako", 'we- "yake". Kiojibwe kina ni-, gi-, o-. Vikikaa pamoja unaona damu.

Ila usichukue safu ya ningiikaj ukaipeleka Klamath. Kiyurok huweka nafsi ya kitenzi mwishoni: nepek' "ninakula", nepe'm "unakula". -k' ni mimi, -'m ni wewe. Hakuna nin- ya mbele ya kitenzi. Wazo la kuwa hali ya mwili ni kitenzi chenye mtu ndani yake utalikuta pande zote mbili, lakini mtu mwenyewe anakaa ncha tofauti. Na sauti zake ni shule nyingine: kuna irabu yenye r ndani yake, inayoandikwa er, na kuna hl, ambayo ni l inayopulizwa bila sauti ya koo. Uzi wake ufunguliwe peke yake.

#21 Ndege_Mkia

Kwa wanaotumia maandishi ya zamani: kamusi ya mmisionari Frederic Baraga ya 1853 ina neno hili kama *gikadj*. Yeye hakuandika urefu wa irabu kwa utaratibu, na dj yake ni j yetu. Pia t na d, k na g zake si za kuamini. *takiside* yake ndiyo dakizide. Mkiokota neno humo, lihakikisheni kwenye kamusi ya mtandaoni ya Chuo Kikuu cha Minnesota, ambayo ina sauti za wazawa. Sikilizeni kabla ya kuandika urefu.

#22 MpitaNjia

La mwisho kabla sijafunga simu. Nimeshasema ningiikaj, mwenyeji amenielewa. Sasa ataniambia nini?

#23 BintiSheria

Huenda Ambe, awazon! Njoo uote moto. awazo ni "anaota moto", kitenzi kimoja, na bahati nzuri Kiswahili tunacho kifungu chake kamili. Kiingereza kinazunguka maneno matano kufika hapo. Wewe ukishakaa, nindawaz, "naota moto". o imedondoka kwa kanuni ileile ya #3.

Kama jiko limezima: Boodawen! Washa moto. Kama kuna aliyeacha mlango wazi: Gibaakwa'an ishkwaandem! Hiyo alama ' ni kukata pumzi kooni, usiiruke.

#24 Kasuku_Mweusi

Nimejaribu niningaji kwa "mimi". Inaanza na n, kwa hiyo kiambishi ni ni-, i ya mwisho inadondoka... *nininingaj*? Ni tatu mfululizo?

#25 Ndege_Mkia

Ndiyo hiyo, nininingaj. Na ukiwa unatetemeka kweli utaongeza ya nne bila kukusudia.